Kuziba Nyumba Kabla ya Mvua: Maelezo kwa Wananchi wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa Kuhusu Panya na Wadudu wa Majumbani

Wananchi wanakumbushwa kwamba majuma yaliyopo kati ya mwisho wa kipupwe na mwanzo wa mvua, yaani kuanzia mwezi Septemba hadi Novemba, ndiyo wakati ufaao kuliko mwingine wowote kwa kazi ya kuzuia panya na wadudu wasiingie majumbani. Katika majuma hayo udongo ni mkavu, kuta hukandikwa na kukauka upesi, vyombo huanikwa juani bila hofu ya mvua, na wadudu wengi bado hawajazaana kwa wingi. Mvua ikishaanza, kazi ambayo ingemalizwa kwa ndoo moja ya udongo na nusu siku ya jua huwa kazi ya msimu mzima, na mara nyingi huishia katika matumizi ya sumu.

Maelezo haya yanawahusu wakazi wa nyanda za juu za Umatengo na wale wa mwambao, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay. Tangu mwaka 2012 mwambao una wilaya yake, Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga. Hata hivyo mahindi na maharage ya mlimani huteremshwa ziwani, na usipa wa ziwani hupandishwa mlimani. Na ndani ya magunia hayo husafiri pia dumuzi, mende na hata panya. Kwa hiyo inafaa pande zote mbili zijue mambo yaleyale.

1. SABABU ZA PANYA NA WADUDU KUINGIA NYUMBANI

Kiumbe yeyote aingiaye nyumbani bila kualikwa hufuata mambo matatu: chakula, maji na maficho. Nyumba isiyompa hata kimoja kati ya hivyo haimfai, naye ataihama. Huo ndio msingi wa maelezo yote yanayofuata. Sumu huua waliokwisha kuingia, lakini haizibi tundu walimopitia. Na tundu likibaki wazi, wengine watafuata njia ileile kabla ya mwezi kwisha.

Katika majira haya sababu hizo tatu huongezeka nguvu. Mavuno yamekwisha kuingizwa ndani na mashamba yamebaki matupu. Nyasi zimekauka, na mahali pengi zimechomwa moto. Vijito vidogo vimepungua maji. Panya aliyeishi shambani tangu mwezi Machi hana tena chakula wala kichaka cha kujificha, na harufu ya mahindi makavu humwongoza moja kwa moja hadi mlangoni.

2. PANYA

Panya wanaotusumbua ni wa aina mbili kuu. Yupo panya wa nyumbani, mweusi au wa rangi ya kijivu, mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, ambaye hupenda kupanda darini na kwenye kenchi. Yupo pia panya shamba, ambaye huzaana upesi mno. Jike lake hubeba mimba kwa muda wa majuma matatu hivi, na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Ndiyo maana panya wachache walioachwa mwezi Oktoba huwa kundi kubwa kabla ya mavuno yanayofuata.

Hasara ya panya haipimwi kwa debe la mahindi peke yake. Viroboto wa panya ndio wanaoeneza tauni. Wilayani Lushoto, mkoani Tanga, ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara hadi mwaka 2004. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na zaidi ya 600 walifariki dunia. Lushoto ni mbali na Mbinga, lakini ni nchi ya milima, ya nyumba za udongo na ya mahindi yanayohifadhiwa ndani kama ilivyo hapa, na panya shamba wa kule ndiye panya shamba wa huku. Funzo la Lushoto ni kwamba panya wanapoanza kufa wenyewe kwa wingi bila kuwekewa sumu, hilo si jambo la kufurahia. Viroboto huacha mizoga iliyopoa na kutafuta damu nyingine, yaani ya wenye nyumba. Hali hiyo ikionekana, taarifa itolewe mara moja kwa Bwana Afya au katika zahanati iliyo karibu. Mtu akipata homa kali ya ghafla pamoja na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, apelekwe kutibiwa siku hiyohiyo, kwa kuwa tauni hupona kwa dawa ikiwahiwa.

Kuzuia panya kunahitaji mambo yafuatayo:

(a) Kuziba matundu. Panya huweza kupenya katika tundu la unene wa kidole gumba, na yule mdogo kabisa hupita hata penye upenyo mwembamba zaidi. Matundu ya ukutani yazibwe kwa vipande vya mawe au vigae na kukandikwa kwa udongo au saruji. Matambara na karatasi havifai, kwa sababu panya huvitafuna na kuvifanya kiota. Nafasi iliyo chini ya mlango isizidi nusu sentimita. Mlango ulioliwa upigiliwe kipande cha bati kwa chini.

(b) Kuinua na kukinga ghala. Ghala lisimame juu ya nguzo zenye kimo cha mita 1 hivi, na kila nguzo ivalishwe kizuizi cha bati chenye umbo la faneli iliyopinduliwa. Kizuizi hakina faida yoyote ikiwa ngazi imeachwa imeegemea ghala usiku, au ikiwa tawi la mwembe au mgomba umeegemea paa.

(c) Kusafisha mazingira. Nyasi zifyekwe kuizunguka nyumba kwa upana wa mita 3 au zaidi. Panya huogopa kuvuka mahali peupe. Kuni na matofali yasiegemezwe ukutani.

(d) Kutumia mitego na maadui wa panya. Mtego utegwe kandokando ya ukuta, kwa sababu panya hupita pembezoni wala hapiti katikati ya chumba. Paka atunzwe. Bundi naye asiuawe: wengi humwona ndege wa nuksi, lakini chakula chake kikuu ni panya, na anapotua karibu na ghala huwa amekuja kazini.

(e) Kuondoa mizoga kwa uangalifu. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Ashikwe kwa koleo au kwa mfuko wa plastiki, kisha afukiwe.

3. WADUDU WA CHAKULA GHALANI

Dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, si mdudu wa asili ya Afrika. Alitoka Amerika ya Kati na akaonekana kwanza nchini Tanzania mkoani Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akaenea karibu kila mahali panapolimwa mahindi. Tofauti yake na fukusi wa kawaida ni kwamba dumuzi hutoboa pia mbao za ghala na vibuyu, na hushambulia makopa ya muhogo kwa ukali uleule wa mahindi. Kwa sababu hiyo familia za mwambao zitegemeazo muhogo zisidhani kwamba dumuzi ni adui wa watu wa mlimani tu.

Dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyomo kwenye magunzi. Kwa hiyo yapukuchuliwe. Kisha yakaushwe sawasawa. Kipimo rahisi ni kutia punje chache pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu na kuitikisa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu na yarudishwe juani. Mahindi makavu yachanganywe na dawa ya unga iliyoidhinishwa kwa nafaka, kwa kipimo kilichoandikwa, au yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa na kufungwa barabara. Katika mifuko hiyo wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa yoyote; lakini panya akitoboa tundu moja, faida yote hupotea. Ghala lisafishwe na kukaushwa kabla ya kutia mazao mapya, na mabaki ya mwaka uliopita yasichanganywe nayo.

Maharage yapepetwe na kuanikwa juani mara kwa mara, juu ya turubai, yakiwa yametandazwa kwa wembamba. Usipa usirudishwe ndani kabla haujakauka kabisa, kwa kuwa samaki mbichimbichi huita nzi na kuzaa funza. Uanikwe juu ya vichanja, si mchangani, na uhifadhiwe katika chombo chenye kifuniko.

4. WADUDU WA KITANDANI NA SAKAFUNI

Kunguni huishi katika maungio ya kitanda, mishono ya godoro na nyufa za ukuta, na huweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kitanda kifunguliwe vipande vyote, kitolewe nje, na maungio yake yamwagiwe maji yachemkayo. Mikeka, godoro na blanketi vianikwe kwenye jua kali na kugeuzwa. Kazi hiyo irudiwe baada ya siku 10 hivi, kwa sababu mayai huanguliwa baada ya watu wazima kufa. Wageni na wasafiri wasilaumiwe kwa kunguni. Nyumba safi pia huweza kuwapata kwa njia ya mzigo mmoja tu.

Papasi hukaa katika vumbi na nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku kunyonya damu, kisha hurudi mafichoni kabla mtu hajaamka. Huambukiza homa inayokwisha na kurudi tena baada ya siku chache. Mgonjwa ambaye homa yake hurudirudi aeleze zahanati kwamba analala katika nyumba ya udongo, ili damu yake iangaliwe kwa ugonjwa huo pia. Dawa ya kudumu ya papasi ni kukandika kuta na kusiriba sakafu isiwe na nyufa, na kulala kitandani badala ya chini.

Funza wa miguuni aliletwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Alifika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kuvuka bara zima hadi Zanzibar. Hupenda vumbi kavu, na ndiyo sababu huzidi katika miezi hii. Sakafu inyunyiziwe maji na kufagiwa kila siku, na isiribwe mara kwa mara. Nguruwe na mbuzi wasilale chumba kimoja na watu. Watoto waoshwe miguu na kukaguliwa kila jioni, na funza atolewe kwa sindano safi isiyotumiwa kwa mtu mwingine.

5. MBU, NZI NA KUNGU

Mbu huhitaji siku 7 hadi 14 za maji yaliyotuama ili kutoka yai hadi kuruka. Miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya kufyatua tofali, na kila tanuri huacha shimo. Shimo hilo likiachwa hadi mvua ya kwanza, huwa kisima cha mbu hatua chache kutoka katika nyumba iliyojengwa kwa tofali zake. Mashimo hayo yafukiwe mwezi Oktoba. Ufukweni, mitumbwi mibovu ipinduliwe au ipasuliwe kuni, kwa maana nayo hushika maji.

Mwanya kati ya ukuta na paa ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Katika vyumba vya kulala uzibwe. Jikoni, ambako moshi lazima upate njia, uwekwe wavu wa waya. Kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata katika majuma ambayo mbu hawasikiki. Aidha, chandarua kisifanywe wavu wa kuvulia usipa. Matundu yake hunasa samaki wachanga, dawa yake ni sumu kwa samaki, na mtoto aliyenyang'anywa chandarua hubaki wazi usiku kucha.

Wakazi wa mwambao huwaona mara kwa mara kungu, wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kama moshi na kuletwa nchi kavu na upepo. Wadudu hao hawaumi wala hawaenezi malaria, na wako watu wanaowakusanya na kuwafanya kitoweo. Hakuna haja ya kuwapulizia dawa. Inatosha kufunga madirisha na kupunguza taa mpaka wapite.

Nzi hutoka yai hadi nzi kamili kwa siku 7 hadi 10 wakati wa joto. Hivyo taka zikifukiwa au kuchomwa kila juma, uzazi wao hukatika. Tundu la choo lifunikwe daima. Mvua za kwanza husomba uchafu wote uliobaki juu ya ardhi na kuupeleka mitoni na ziwani, na hapo ndipo kipindupindu hupata nafasi.

6. SIAFU, MCHWA NA MENDE

Siafu hutembea hasa ardhi inapolowa. Wakiingia nyumbani, watoto wachanga, wagonjwa na kuku watolewe kwanza, kabla ya kuokoa chombo chochote. Baada ya hapo wazee wengi huwaacha wapite, kwa sababu siafu hufagia mende, kunguni na vitoto vya panya, kisha huenda zao. Wanaotaka kuwageuza njia hutumia majivu ya moto mlangoni.

Mchwa hawapendi mwanga. Hujenga vichuguu vya udongo ukutani ili wafikie mbao. Vichuguu hivyo vikwanguliwe kila juma, na nguzo zisigusane na udongo mbichi. Mende huzuiliwa kwa kuosha vyombo jioni badala ya asubuhi, kufunika maji na chakula, na kuondoa maboksi matupu, ambayo gundi yake huwa chakula chao.

7. ONYO KUHUSU SUMU

Jambo hili lisomwe kwa makini kuliko mengine yote. Mbinga ni nchi ya kahawa, na katika nyumba nyingi zimo dawa za kupulizia mikahawa. Dawa hizo zimetengenezwa kwa ajili ya shambani. Zisipuliziwe kitandani kuua kunguni, zisipakwe kichwani kuua chawa, wala zisichanganywe na mahindi ya chakula. Wadudu wa nyumbani ni usumbufu; dawa ya shambani chumbani ni kifo.

Sumu isihamishiwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi lebo, ila anaijua chupa ya soda. Iwekwe katika kisanduku chenye kufuli, mbali na chakula na mahali pasipofikiwa na watoto. Sumu ya panya inayouzwa mnadani bila jina wala maelezo isinunuliwe. Viuatilifu vinavyoruhusiwa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na lebo yake huonyesha jina la dawa, kipimo na huduma ya kwanza. Paka au bundi akila panya aliyekula sumu huweza kufa naye. Na mahali ambapo panya wa porini huliwa, sumu isitegwe kabisa karibu na mashamba.

Mtu aliyepatwa na sumu ya wadudu huweza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kutetemeka misuli na kupumua kwa shida. Avuliwe nguo zilizolowa dawa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na apelekwe hospitali bila kuchelewa pamoja na chombo cha dawa hiyo. Asilazimishwe kutapika. Aliyekula sumu ya panya apelekwe hata kama hana dalili yoyote, kwa kuwa aina nyingi za sumu hiyo huanza kutokwisha damu baada ya siku kadhaa.

8. MPANGILIO WA KAZI

Mwezi Septemba: kupukuchua na kukausha mahindi, kusafisha ghala, kuvalisha nguzo bati, kufyeka kuizunguka nyumba, na kutega mitego.

Mwezi Oktoba: kukandika kuta na kusiriba sakafu, kuziba matundu na mianya ya paa, kutoa vitanda na mikeka nje, na kufukia mashimo ya tofali.

Mwezi Novemba: kurudia kukagua vitanda na matundu, kufua na kushona vyandarua, kufunika choo na mapipa ya maji, na kuondoa taka zote kabla ya mvua ya kwanza.

9. USHIRIKIANO

Nyumba moja ikizibwa na ya jirani ikaachwa, panya huhama tu kwa muda na kurudi. Kwa hiyo inashauriwa kila kitongoji kichague siku moja ya kufyeka na kutega mitego kwa pamoja, na nyumba za wazee na wajane zikandikwe kwa nguvu za wote. Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Watanzania wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu bila kungoja fedha za mtu. Udongo wa kukandikia, jua la kuanikia na jembe la kufukia mashimo viko katika kila kijiji hata leo, navyo havinunuliwi.

Wananchi wenye maswali wamwone Bwana Afya wa kata kuhusu usafi wa nyumba na magonjwa, na Bwana Shamba au Bibi Shamba kuhusu hifadhi ya nafaka na dawa zake. Viongozi wa vitongoji wanaombwa wayasome maelezo haya mikutanoni kabla ya mwezi Oktoba kwisha, ili wale wasiojua kusoma wayasikie. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika majira haya ufa huo unaonekana wazi, udongo ni mkavu, na mvua bado haijafika.